Mwiko na Mahame

Fundi aliuchukua mwiko mkononi mwa mwenyeji wangu, akaugeuza huku na huku, akaugonga kwenye jiwe kusikia mlio wake, kisha akawatazama vibarua waliosimama mtaroni. "Huu wa kumlishia mtoto uji," akasema. Mtaro mzima ukacheka, na mwenyeji wangu naye akacheka, maana utani huo ameshauzoea. Mwiko wa mwashi ni mpana, ukichota mara moja umepata udongo wa kulaza tofali. Wa mwenyeji wangu ni mdogo kama kiganja, una ncha, na kingo zake zimelika kwa miaka ya kukwangua ardhi. Lakini yote miwili, alituambia baadaye, imetoka Kariakoo, kwenye maduka yaleyale ya vifaa vya ujenzi.

Nilikuwa nimefika Kibiti asubuhi hiyo, mwezi wa kumi, kutazama jambo ambalo ukimsimulia mtu wa mjini atadhani unamtania: mtu mzima mwenye shahada zake amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya msingi wa nyumba ya vyumba vitatu, anawatazama wenzake wakichimba. Mwenyeji wangu hufundisha akiolojia. Dada wa mkewe alikuwa anaanza kujenga nje kidogo ya mji, kwenye kiwanja alichokinunua kwa fedha za korosho, na yeye akamwomba jambo moja tu, kwamba jembe la kwanza lisipigwe mpaka shemeji awepo. Dada akakubali kwa heshima ya ushemeji. Fundi akakubali kwa sharti kwamba chakula cha mchana cha vibarua, kwa siku zote atakazowachelewesha, kitoke mfukoni kwa huyo shemeji.

Uingereza kazi hii ni ya kawaida kiasi kwamba haina mshangao. Tangu 1990, kibali cha ujenzi kwenye eneo lenye dalili za kale huweza kuja na sharti la kuwa na mwanaakiolojia pembeni, hata kama mtu anaongeza jiko nyuma ya nyumba, na gharama ni za anayejenga. Kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini kwa miradi mikubwa, na humo mambo ya kale hupata kurasa zake. Nyumba ya vyumba vitatu haina kurasa. Ina fundi, vibarua wanne, sururu mbili na kamba ya manila iliyofungwa kwenye vigingi vya mkorosho.

Mimi ni mtu wa Tanga, na barabara ya Kilwa kila mara hunifanya nilinganishe. Kwetu unapita katikati ya mkonge uliopangwa mistari kama askari wa gwaride. Huku, ukishaiacha Mbagala na Kongowe, ukipita Mkuranga na Kimanzichana, mkorosho umesimama unapotaka, mnazi umechomoza nyuma yake, muhogo umeota chini yao, na katikati kuna nyumba. Jaribu Mpakani niliuziwa korosho zilizobanikwa vizuri mno, bado zina harufu ya moshi. Kuna miaka, 2016 na 2017, ambapo abiria wa njia hii walikuwa wanalitaja jina la Kibiti kwa sauti ya chini, kwa sababu ya mauaji. Siku hizi kinachoonekana dirishani ni tofali. Kila baada ya nyumba mbili kuna rundo la tofali, limefunikwa makuti, linasubiri msimu. Wilaya changa, iliyomegwa kutoka Rufiji, inajijenga: ofisi, nyumba za wageni, maduka yenye fremu nne, vyoo vya shule.

Na chini ya tofali hizo ndiko kwenye habari. Miaka ya 1990 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimbua Mkukutu, eneo hilihili la Kibiti, akapata makazi ya wafua chuma wa kale, na ndani ya makazi hayo shanga ndogo za kioo. Mwaka 1999 aliziandika katika jarida la Current Anthropology kama shanga za biashara ya Kirumi. Zilikuwa na uzito kuliko ukubwa wake. Kuna maelezo ya safari za baharini yaliyoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, yajulikanayo kama Periplus, yanayotaja soko la mwisho la pwani yetu, mji uitwao Rhapta, uliopewa jina hilo kwa sababu ya vyombo vyake vya kushonwa, ndugu wa mtepe wetu. Chami ameitafuta Rhapta kwenye delta ya Rufiji kwa miaka mingi. Wapo wanaomkubali na wapo wanaombishia, na sikwenda Kibiti kuamua kesi hiyo. Kilichonivutia ni kwamba shanga ya Kirumi haimsubiri profesa. Imelala futi mbili chini, na futi mbili ndicho kina cha msingi wa fundi.

Saa tano hivi, kibarua mmoja, kijana mwenye jezi ya Yanga iliyofifia, alitupa juu kitu bila hata kukitazama. Kiliangukia kwenye kifusi. Mwenyeji wangu alishanyanyuka kabla hakijatua.

Kilikuwa kigae cha mdomo wa chungu. Kinene kama biskuti mbili, chekundu nje, cheusi kwa ndani kama mkate ulioiva upande mmoja. Chini kidogo ya mdomo palikuwa na mikwaruzo ya sambamba, mitano, iliyovutwa kwa mkono usiokuwa na haraka, na mwisho wa mkwaruzo wa tano mkono huo uliteleza. Mstari ulipanda, ukaukata wa nne. Nilikishika muda mrefu kuliko nilivyoruhusiwa. Mfinyanzi aliteleza, akaona, akaacha hivyohivyo. Pengine chungu kilikuwa cha nyumbani tu, au alikuwa anaitwa na mtoto.

"Karne ya ngapi?" nikauliza, kama wanavyouliza waandishi wote.

"Acha kwanza," akasema mwenyeji wangu. Akakiweka kwenye bahasha ya kaki, akaandika juu yake tarehe, kina, na kona ya msingi kilikotoka. Hakutaja karne siku hiyo wala siku iliyofuata. Alikubali tu kusema kwamba vyungu vya wafua chuma wa mwanzo wa pwani hii hujulikana kwa midomo yao, na kwamba baadaye, kuanzia kama karne ya 6, wafinyanzi walipenda kuchora pembetatu. Hiki hakikuwa na pembetatu. Zaidi ya hapo, mpaka maabara.

Kilichofuata kilikuwa jiwe jeusi, zito, lenye vitundu kama andazi lililoungulia kwenye mafuta. Safari hii fundi ndiye aliyelisemea. "Hayo mavi ya chuma," akasema, bila kuacha kunyoosha kamba yake. Mwenyeji wangu alimtazama kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu stendi. Chuo wanafunzi wanafundishwa kitu hicho kwa muhula mzima, yaani masalio yanayobaki tanurini chuma kikishayeyushwa kutoka kwenye udongo wake, na hapa mwashi aliyeishia darasa la saba anakitaja kwa jina lake la Kiswahili, jina alilolipata kwa babu yake, ambaye naye hakuwahi kumwona mhunzi akiyeyusha. Kazi ilikufa, neno likabaki. Na maelezo yale ya Kigiriki yanasema Rhapta ilikuwa ikiletewa mikuki, mashoka na visu kutoka Muza, upande wa Yemen. Kama kweli soko lilikuwa karibu na hapa, basi wafua chuma walikuwa wananunua chuma. Mwenyeji wangu anadhani ni sawa na sisi kununua nguo za mtumba huku pamba tunalima.

Sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inakilinda kitu chochote kilichotengenezwa na mkono wa mtu kabla ya 1863, na kwa milango ya kuchonga inasogea mpaka 1940. Anayekiona anatakiwa kutoa taarifa serikalini. Niliwauliza vibarua kama wanaijua. Mmoja akajibu kwamba yeye anaijua sheria ya kutojenga kwenye hifadhi ya barabara, kwa sababu hiyo ina alama ya X nyekundu.

Ndipo nikakumbuka msingi wetu, kule Tanga. Nilikuwa na miaka tisa. Baba mdogo alikuwa anajenga upande wa kwenda Tongoni, ambako kuna msikiti na makaburi ya karne ya 15 yenye nguzo, ambayo watu huyatembelea kwa nadhiri. Msingi ulipochimbwa, tuliokota vigae vyeupe vyenye maua ya buluu, laini kama kucha. Watoto tuligombea. Kigae chembamba namna ile kinateleza vizuri mchangani unapochora vyumba vya kuruka kwa mguu mmoja. Changu kilikuwa bingwa wa mtaa kwa likizo nzima. Vilivyobaki vilirudi kwenye kifusi, vikashindiliwa, zege ikamwagwa juu yake. Ndugu zangu wanakaa juu ya vigae hivyo mpaka leo, wanatazama mpira. Hakuna aliyefanya kosa kwa kujua, na hakuna aliyetuambia.

Ule ulikuwa msingi mmoja. Mwaka 2021 nchi ilijenga madarasa 15,000 kwa mpigo, kutokana na mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kupambana na athari za UVIKO-19, mengi yao kwa mtindo wa fosi akaunti, kamati ya kijiji ikimtafuta fundi wa palepale, wananchi wakichimba msingi na kusomba maji. Sisemi hayakupaswa kujengwa, mtoto wangu anasoma kwenye mojawapo. Nasema tu kwamba hiyo ni mitaro 15,000 iliyofunguliwa na kufungwa ndani ya miezi michache, kuanzia Kagera mpaka Mtwara, na ndani yake lazima vimepita vyungu, makaburi, matanuri. Chuo kikuu kinafundisha akiolojia tangu 1985. Wahitimu wapo. Wengine wanauza vocha.

Mchana alikuja mama mkwe. Hapo mwenyeji wangu, aliyekuwa anabishana na fundi kwa sauti kuhusu upande upi uchimbwe kwanza, akashuka kuwa mtu mwingine. Akaondoka kwenye ndoo, akamwachia mama, akachuchumaa mbali kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mmepata vyungu vyenu?"

Bibi alikuwa ametembea taratibu, kanga begani, mkononi kikapu cha embe. Hakushangazwa na vigae. Alivitazama kwenye bahasha kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi aliyokuwapo. Huku kote, alisema, walipofika walipakuta hivihivi, vigae vimezagaa, na wakubwa wakapaita mahamani. Ukilima, jembe linalia. Yeye hakuzaliwa huku. Alizaliwa bondeni, karibu na mto, na walihamishiwa juu baada ya mafuriko, miaka ile serikali ilipowahamishia watu wa bonde la Rufiji vijijini, 1968 kwenda 1969. Kwa hiyo watu waliohama waliletwa kwenye mahame ya watu wengine waliokwishahama, na hakuna aliyejua wale wa kwanza walikwenda wapi.

"Ilikuwa mwiko kuchimba choo penye mahame," bibi alisema. "Wazee walikataza. Unajisaidia juu ya watu?"

"Na sasa?" nikauliza.

"Sasa kuna viwanja, mwanangu. Kiwanja kina bei."

Fundi, ambaye alikuwa kimya tangu mama aje, aliunyanyua mwiko mdogo kwa vidole viwili na kusema huu nao ni mwiko, mama. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga. Lugha imetufanyia utani huo muda mrefu na mimi sikuwa nimewahi kuugundua: chombo cha kuchimbia na katazo la kuchimba vina jina moja.

Jioni, sakafu ya mtaro ilipokwanguliwa, kilitokea kitu ambacho nisingekiona hata kama ningelala juu yake. Kwenye mchanga wa rangi ya kahawia palikuwa na duara jeusi, kubwa kama kifuniko cha sufuria. Mwenyeji wangu alilimwagia maji kidogo kwa kikombe, likakolea. Akakata nusu yake kwa mwiko, nusu tu, akiacha ukuta wima. Duara liliteremka kama sentimita 40, likaishia kwa ncha. "Nguzo," akasema. Mtu aliichonga nguzo, akaichimbia hapa, nyumba ikasimama, ikazeeka, mchwa wakala mti wote, na mahali pake pakajaa udongo mwingine. Hakuna mti wala chembe ya mti. Kuna umbo la kutokuwepo kwake. Alilala kifudifudi kulipiga picha, na kabla ya hapo akaulaza ule mwiko kando ya duara.

"Wa nini?" fundi akauliza.

"Ukubwa. Atakayeona picha ajue duara ni kubwa kiasi gani. Na ncha inatazama kaskazini."

Fundi alisimama, akaangalia mnara wa msikiti juu ya minazi, akaangalia mwiko. "Si useme kibla tu," akasema. Kweli, kwa watu wa pwani hii Makka iko karibu kaskazini kabisa. Akainama, akausogeza mwiko kidogo kushoto. Mwenyeji wangu akaangalia dira ya simu yake na kunyamaza.

Nadhani ni baada ya hapo fundi alipoanza kusema. Yeye amejenga kwa zaidi ya miaka 20, kutoka Bungu mpaka ng'ambo ya daraja la Mkapa. Alikaa kwenye ukingo wa mtaro, miguu ndani, akaanza kutaja mahali. Kuna choo cha shule alichokichimba ambamo walitoa chungu kizima, kina mfuniko, wakadhani ni cha mganga, wakakivunja kwa sururu kutoka mbali. Kisima kimoja kilikuwa na tabaka la makombe ya pwani, wakati pwani yenyewe ni mbali. Kwenye nyumba ya mwalimu mmoja mavi ya chuma yalikuwa mengi mpaka waliyatumia badala ya kokoto, na sakafu yake, alisema kwa fahari, haijapasuka mpaka leo. Mwenyeji wangu alikuwa anaandika mbiombio. Aligeuza ukurasa, na mwingine. Kwa miaka yote amekuwa akitembea mashambani na wanafunzi, hatua kwa hatua, macho chini, kutafuta ambayo mtu huyu ameyabeba kichwani bila kuulizwa. Giza liliingia wakiwa bado wanabishana kama ile njia ya kisimani inapita mashariki au magharibi ya mwembe.

Kesho yake waliniacha niende zangu delta, maana nilikuwa nimeahidiwa kaa.

Kutoka Nyamisati boti inaingia kwenye mikoko na dunia inabadilika sauti. Huu ndio msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko ya Afrika Mashariki katika mahali pamoja, hekta zipatazo 53,000, na tangu 2004 ni sehemu ya ardhi oevu ya Rufiji, Mafia na Kilwa inayotambuliwa na Mkataba wa Ramsar. Nahodha hakusema lolote katika hayo. Alikuwa ananionyesha miti kwa majina: mchu, mkandaa, mkoko wenyewe, mkomafi wenye matunda kama mpira wa miguu. Alinionyesha pia uelekeo ambako Königsberg ilijificha, manowari ya Wajerumani iliyoingia kwenye vijito hivi mwaka 1914 baada ya kuizamisha meli ya Waingereza Unguja, na ikaja kupigwa tarehe 11 Julai 1915 na meli mbili za kina kifupi zilizoletwa kwa kazi hiyo. Mizinga yake Wajerumani waliivua na kuikokota nchi kavu kuendelea na vita. Chuma kilichobaki kilikatwa kuuzwa kama skrepa. "Ingekuwa leo ungeiona?" nikauliza. Nahodha akasema ingekuwa leo mto ungekuwa umeshaihamisha.

Maana mto huu unahama. Baada ya mafuriko ya 1978 maji mengi yalielekea kaskazini mwa delta, na mashamba ya kusini yakaanza kupata chumvi. Aprili 2024 maji yalipanda tena, Rufiji na Kibiti zote mbili zikawa kwenye habari. Kijiji tulichoshukia kilikuwa cha miti, udongo na makuti, na nyuma yake mashambani yalisimama madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ambako familia huhamia wakati wa mpunga kulinda ndege, nguruwe na nyani. Mwezi huo yalikuwa matupu. Upepo unapita chini na juu.

Mwenyeji wetu, mama wa Kinyagatwa mwenye sauti ya kuamuru, alitupikia wali wa mchele wa palepale kwa nazi, kaa wa kuchemsha kwa chumvi na limau, na kamba wachache waliokaangwa na pilipili. Kaa walio wakubwa, alieleza, wao hawawali. Wananunuliwa hai, wanafungwa miguu kwa kamba, wanapanda ndege kwenda China. Nimekula kaa Tanga, nimekula Unguja, lakini wa pale, aliyevunjwa kwa mchi juu ya ubao, mchuzi ukatiririka mpaka kwenye kiwiko, siwezi kumfananisha. Baada ya kunawa nilimuuliza kama wakichimba wanaona vigae.

"Tuchimbe nini?" akasema. "Hapa ukichimba unapata maji."

Nyumba hazina msingi. Unasimika boriti, unafunga fito, unakandika. Mto ukikaribia unang'oa boriti zilizo nzima, unapanda mtumbwini na nyumba yako, unasimika kwingine. Nikamuuliza alikozaliwa. Alinyoosha mkono, na mimi nikatazama alikoonyesha: katikati ya mkono wa mto, mahali boti yetu ilipokuwa imepita nusu saa kabla. "Na kaburi la babu," akaongeza, kwa namna ya mtu anayetaja duka lililofungwa.

Nilifikiria lile duara jeusi. Hapa hata duara halibaki. Kama mabaharia wa enzi ya Periplus walitia nanga kwenye delta hii, na kama mji ulikuwa wa boriti na makuti, basi umeng'olewa na kusimikwa mara ngapi katika miaka elfu mbili? Na bado nyumba za delta zipo, zipo kwingine tu. Boriti za mikoko ya Rufiji zilipakiwa majahazini kwa karne nyingi kwenda Unguja, kwenda Arabuni na Ghuba, na kule zikawa dari za nyumba za mawe. Chumba cha kale cha pwani hii ni chembamba, kama mita tatu kwa upana, kwa sababu hapo ndipo boriti inapofika. Mtu aliyelala chali Mji Mkongwe akitazama dari anautazama msitu huu.

Niliporudi Kibiti msingi ulikuwa umekwisha, jamvi limemwagwa, watoto wa jirani wameshaandika majina yao kwenye kona ya zege. Kazi ilichelewa siku moja na nusu kwa jumla. Bahasha zilikuwa 14. Dada mwenye nyumba alimdai shemeji yake fedha za nusu siku, akalipwa, kisha wote wakala wali uleule sahani moja.

Wiki tatu baadaye, nikiwa ofisini Dar es Salaam, mwenyeji wangu alinitumia picha aliyotumiwa na fundi kwenye simu. Ni shimo la choo, mahali pengine kabisa, futi tano hivi kwenda chini. Kwenye ukuta wa shimo limechomoza tumbo la chungu, limesafishwa kwa uangalifu, halijaguswa. Kando yake, kwenye kidaka kidogo kilichochimbwa ukutani kwa makusudi, umelazwa mwiko wa mwashi, mpana, una zege kavu kwenye mpini. Chini ya picha fundi ameandika: "Tumesimama. Ncha iko kibla. Njoo na hela ya chakula."